Jua ni letu, mbona aurora ni ya watu wa kaskazini?

"Mwalimu, jua linatuchoma sisi, mbona taa za angani wanapata Wanorwe?" Wanafunzi wangu hapa Mombasa huniuliza hivyo kila tukifika kwenye mada ya anga za juu, na mimi hulipenda swali hili kuliko yote. Mapema mwezi wa tatu jua la saa sita husimama wima juu ya utosi wetu, lami ya Digo Road inafukuta, na huko Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, bado watu wamejifunika makoti. Kama aurora, yaani hizo taa za angani, inatokana na jua, ilipasa iwake juu ya Kilindini.

Wengine hudhani siri ni baridi, au kwamba ule ni mwanga unaoakisiwa na barafu. Sivyo. Aurora huwaka kilomita 100 kutoka ardhini na kuendelea juu, wakati ndege za abiria huruka kwenye kilomita 10 au 12 tu. Barafu ya chini haihusiki kabisa.

Jibu linaanza na kutenganisha mambo mawili ambayo jua hutuletea. La kwanza ni mwanga. Huu husafiri moja kwa moja, unatufikia kwa dakika 8 na kidogo, na uga wa sumaku wa Dunia, yaani eneo inamofika nguvu ya sumaku yake, hauupindi. Ndiyo maana ikweta hupata mwingi. La pili ni upepo wa jua: elektroni na protoni zinazotoka kwenye jua bila kukoma, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, zikichukua kama siku nne kutufikia. Chembe hizi zina chaji ya umeme, na chembe yenye chaji haikatizi uga wa sumaku ipendavyo. Huuzunguka mstari wa sumaku, yaani mstari wa kufikirika unaoonyesha uelekeo wa uga huo, huku ikiteleza kuufuata.

Sasa tazama mistari hiyo imekaaje. Juu ya Mombasa imelala, imeinama kidogo tu, kwa kuwa hatuko mbali na ikweta ya sumaku inayopita kaskazini yetu. Mistari ya kwetu hupinda na kurudi ardhini kabla ya kufika mbali. Karibu na ncha za sumaku mistari husimama karibu wima, na ukiufuata mmoja kwenda juu utakupeleka makumi ya maelfu ya kilomita angani, hadi pale ambapo upepo wa jua unausukuma na kuuvuta uga wa Dunia. Chembe iliyoko huko ina njia ya kushukia Tromsø. Ya kushukia Likoni haina.

Hapa nasisitiza jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Husemwa kwamba chembe za jua humiminika tu kwenye ncha na kuwasha anga. Ingekuwa hivyo, aurora ingekuwa na nguvu zaidi juu ya ncha yenyewe. Ukweli ni kwamba hutokea kwa umbo la pete inayoizunguka ncha ya sumaku, na hung'aa zaidi upande wa usiku, yaani upande uliolipa jua mgongo. Sababu ni mkia. Upepo wa jua huuburuta uga wa sumaku wa Dunia nyuma yetu ukawa mkia mrefu unaopita hata Mwezi. Sumaku iliyomo ndani ya upepo huo ikielekea kusini, hushikana na mistari yetu upande wa mchana, ikaifungua na kuivuta hadi mkiani. Nishati hujikusanya huko. Kisha mistari hukatika na kuungana upya, ikajirudi kuelekea Dunia kwa nguvu, ikisukuma elektroni mbele yake. Mwaka 2008 setilaiti za mradi wa THEMIS zilionyesha kuwa mripuko huo huanzia mkiani, takriban theluthi moja ya umbali wa kwenda Mwezini. Na mwaka 2021 watafiti nchini Marekani walithibitisha kwenye maabara kwamba mawimbi ya Alfvén, yanayosafiri juu ya mistari ya sumaku, huweza kuzibeba elektroni na kuziongezea kasi.

Elektroni hizo zikigonga hewa, hewa inawaka, kama gesi inavyong'aa ndani ya taa za neoni za madukani. Rangi hutegemea gesi na kimo, na mimi sijaona sehemu tamu zaidi ya fizikia kuliko hii. Atomu ya oksijeni iliyogongwa huweza kutoa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7, na huutoa kwa chini ya sekunde moja. Atomu hiyo hiyo huweza pia kutoa mwekundu wa nanomita 630, ila huo huhitaji karibu dakika mbili. Kwenye kilomita 100 au 150 hewa bado ni nzito kiasi kwamba kabla ya dakika mbili kutimia atomu imeshagongana na nyingine na nishati imepotea, kwa hiyo kijani hutawala. Kupita kilomita 200 hewa ni nyembamba mno, atomu inaachwa kwa utulivu, na wekundu hupata nafasi. Naitrojeni huongeza buluu, zambarau na waridi, hasa kwenye ukingo wa chini.

Hilo linaeleza kilichoonekana Mei 2024. Dhoruba kubwa ya sumaku, yaani mtikisiko wa uga wa Dunia uliosababishwa na jua, iliipanua pete hata watu wa Afrika Kusini wakaona anga jekundu upande wa kusini. Walikuwa mbali na pete, mviringo wa Dunia ukawaficha sehemu ya chini ya kijani, wakaona vilele virefu tu. Sisi tuko mbali zaidi, na sumaku ya kwetu imelala. Mombasa hatutegemei kuiona.

Lakini dhoruba za jua hutufikia kwa njia nyingine. Mripuko wa jua hutuma pia mionzi ya eksirei, ambayo kama mwanga haipindwi na sumaku. Hiyo hupiga zaidi pale jua lilipo utosini, na hapo mwanafunzi wangu alikuwa sahihi: ni kwetu. Huivuruga ayonosfea, tabaka la juu la hewa lenye chaji linaloyarudisha chini mawimbi ya redio, na meli inayotumia redio ya mawimbi mafupi (HF) mchana inaweza kukosa mawasiliano kwa dakika kadhaa hadi saa nzima au zaidi. Usiku nako, baada ya magharibi, ayonosfea ya ukanda wa ikweta hutokwa na mapovu ya plazima (gesi yenye chaji) nyepesi yanayoyumbisha mawimbi ya GPS, na dhoruba za sumaku huweza kuyaongeza au kuyazuia. Kwa nahodha anayeingia Kilindini gizani, hilo ni la kuzingatia. Mvuvi mwenye redio ya VHF hana haja ya wasiwasi, kwa sababu mawimbi yake huenda moja kwa moja kutoka chombo hadi chombo bila kupitia juu.