Whitby: kwa nini kikundi kianzie kanisani kabla ya magofu ya abasia

Ninapoongoza kikundi mjini Whitby, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, huwaomba wageni wakishapanda ngazi 199 hadi juu ya mwamba waingie kwanza katika Kanisa la Mtakatifu Maria, ingawa macho ya wengi huwa yamekwisha kuvutwa na magofu ya abasia, yaani monasteri kubwa ya watawa, yaliyo nyuma yake. Mimi ni mwanahistoria wa majengo, na kwa maoni yangu anayetaka kujua abasia ilikufa kwa kukosa nini hana budi kuona kwanza jengo ambalo halijawahi kukosa watu.

Kanisa hilo lilianza kujengwa mnamo mwaka 1110, na tangu hapo waumini wamelirekebisha kila walipoona haja. Huketi katika vizimba vya mbao vyenye vijilango, wakitazama mimbari ya ghorofa tatu ambayo imefungiwa pembe za kusikilizia, zilizowekwa katika karne ya 19 kwa ajili ya mke wa kasisi aliyekuwa na uziwi. Mbele ya upinde wa zamani wa Kinorman limekatiza jukwaa la kuketi la familia ya Cholmley, juu ya nguzo za mbao zilizosokotwa kama kamba. Hapo mimi hukaa na wageni kwa muda mrefu, kwa kuwa familia hiyo ndiyo iliyokuja kumiliki ardhi ya abasia.

Monasteri ya kwanza iliundwa mwaka 657 chini ya Mtakatifu Hilda, aliyewaongoza watawa wa kiume na wa kike pamoja, na mwaka 664 sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, iliyokutana hapo iliamua tarehe ya Pasaka ifuate desturi ya Roma. Kuta tunazoziona leo, hata hivyo, ni za Wabenediktini, shirika lile lile ambalo wasomaji wa Tanzania wanalijua kutokana na Peramiho na Ndanda, nao walianza kuzijenga katika karne ya 13.

Wageni wengi huamini kwamba Mfalme Henry VIII aliibomoa abasia kwa siku chache. Ni kweli kwamba aliifunga mwaka 1539, lakini sehemu kubwa ya jengo iliendelea kusimama, ikiwa tupu, ikipigwa na upepo wa chumvi wa Bahari ya Kaskazini pasipo mtu wa kuziba ufa. Ukumbi mkuu wa kanisa la abasia ulianguka katika miaka ya 1760, na mnara wa kati mwaka 1830. Kisha mwaka 1914 manowari za Kijerumani zikaupiga mizinga ukuta wa magharibi.

Ukuta wa mashariki ungali umesimama na safu zake tatu za madirisha membamba, matatu katika kila safu, ambayo nguzo zake zimelika hadi zimejaa vishimo. Wahifadhi huimarisha mawe yaliyosalia bila kujenga upya yaliyoanguka, na mimi naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, kwa sababu jiwe lililolika bado linaonyesha patasi ya fundi wa karne ya 13 ilipopita, jambo ambalo jiwe jipya haliwezi kutuonyesha.