Kunguni hawaletwi na uchafu

Ikisikika tu kwamba nyumba fulani ina kunguni, neno linalofuata ni "wale wachafu". Aibu hiyo huwafanya watu wafiche tatizo mpaka wadudu waenee vyumba vyote.

Lakini kunguni hali makombo wala taka. Chakula chake ni damu tu, na damu ya msafi na ya mchafu kwake ni ile ile. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alimpa jina la kisayansi Cimex lectularius mwaka 1758. Kwenye nchi za joto kama zetu yupo pia ndugu yake, Cimex hemipterus. Wote wawili hawawezi kupaa wala kuruka kama kiroboto. Wanabebwa: ndani ya begi la safari, godoro la mtumba, kochi la kununuliwa kwa mtu. Mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa ikiwazungumzia, na sabuni huko haijaadimika.

Ukweli uliomo kwenye dhana hiyo ya uchafu ni mdogo: mrundikano wa vitu huwapa maficho zaidi. Kagua mishono ya godoro na nyufa za chaga. Vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi chao. Vigamba vyepesi vya kahawia ni ngozi walizojivua, maana hujivua mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara sharti wanywe damu kwanza. Kupiga deki hakuwafikii huko. Joto linawafikia: shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, chaga zimwagiwe maji yanayochemka. Dawa nyingi za kupuliza wameshazizoea.