Eti Januari Ndiyo Mwezi Mbaya? Maneno ya Karo Mombasa na Ukweli Wake

Mchezo wetu wa akina mama huku Majengo, ule wa kuchanga pesa kila mwezi na mmoja kuzipokea kwa zamu, una watu kumi na wawili, na mimi ndiye mshika daftari. Kila Disemba ikikaribia kwisha simu yangu haitulii: "Dada, nipangie zamu ya Januari." Wote kumi na wawili wanaitaka Januari. Kwenye simu hizo nasikia maneno mengi kuhusu pesa za skuli, na mengi yao si kweli, au ni nusu ya kweli.

"Januari ndiyo inayotumaliza"

Januari ina makelele, lakini kwa nyumba nyingi za hapa si mwezi mbaya kuliko yote. Angalia pesa zinavyoingia. Disemba hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu hujaa, na si mwenye hoteli tu anayepata: dereva wa tuktuk, muuza madafu, msusi, mvuvi, wote hula hapo. Januari wageni bado wapo. Kisha huja masika. Aprili hadi Juni mvua hunyesha, vyumba hubaki vitupu, na kibarua wa hoteli huambiwa akapumzike nyumbani bila mshahara mpaka aitwe.

Sasa weka kalenda ya skuli juu ya hiyo. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Mwongozo wa serikali kwa skuli za bweni hugawa karo ya mwaka kwa asilimia 50, 30 na 20. Skuli ya karo ya shilingi 53,554 itataka 26,777 muhula wa kwanza, 16,066 wa pili na 10,711 wa tatu. Hizo 16,066 ni chache kuliko za Januari, ila zinadaiwa wakati mfuko hauna hata senti ya kugonga nyenziwe.

Mwenzetu mmoja, mumewe ni mhudumu wa hoteli, nilimpa zamu ya Aprili akaninunia wiki nzima. Mei akaja mwenyewe mlangoni na sahani ya mahamri.

Tena kuna Ramadhani, ambayo skuli haiihesabu. Kalenda ya Hijria hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2025 tulifunga Machi, na futari pamoja na nguo za sikukuu zikaangukia katikati ya muhula wa kwanza. Kufikia 2030 mwezi unatarajiwa kuanza wiki ya kwanza ya Januari, wakati uleule wa kufungua skuli. Aliye na mtoto wa darasa la kwanza leo atalikuta jambo hilo, na si la kushtukia.

Na hizo 26,777 za mwanzo? Skuli hufungwa mwisho wa Oktoba au mapema Novemba, na kati ya hapo na kufungua kuna wiki nane hadi kumi. Akaunti ya skuli haiendi likizo, kwa hiyo lipa kidogo kidogo. Elfu tatu leo, elfu tano baada ya wageni wa Krismasi, na kila risiti ndani ya bahasha moja.

"Elimu ni bure, wanatuibia tu"

Ada ya masomo katika skuli za msingi za umma iliondolewa 2003, na ya sekondari za kutwa 2008. Kilichoondolewa ni ada ya masomo. Sare, chakula cha mchana, nauli na bweni vimebaki kwa mzazi. Kwa hiyo mwalimu mkuu akitaja pesa ya chakula si lazima awe mwizi.

Lakini usikubali kila kitu vilevile. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inataka michango mingine iwe imeidhinishwa, inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa kukosa kuilipa, na inataka kila anayekusanya atoe risiti rasmi. Pesa za "mpe mwalimu wa darasa mkononi" mimi huziulizia risiti. Naitwa mkorofi, nimezoea.

"Asilimia saba na nusu si kitu"

Hapa ndipo nyumba zinapobomoka kimyakimya. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza 2012 iliweka ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na watu wakaizoea namba hiyo hadi ikaonekana ndogo. Ni kwa mwezi! Ukipita siku 30 bila kulipa, ada huongezwa tena.

Linganisha. Sakosi, yaani ushirika wa akiba na mikopo, inayotoza asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukikopa 30,000 na kulipa mkopo wenyewe kwa vipande sawa miezi kumi na miwili, riba yote ya mwaka ni 1,950. Kwa ile asilimia 7.5, shilingi 30,000 hizohizo hutoa 2,250 mwezi wa kwanza peke yake. Uliza pia kama riba ni ya salio linalopungua au ya mkopo wote tangu mwanzo: kwa asilimia moja ileile, aina ya pili ingekuwa 3,600.

Nasema kwa uchungu. Kuna mwaka nilikopa kwenye simu kulipia karo, nikakopa programu nyingine kulipa ile ya kwanza, na mpaka skuli zinafungwa nilikuwa bado nalipa pesa ambayo mtoto hakuisomea.

"Tumpeleke kutwa, ni rahisi"

Mara nyingi ni kweli, lakini piga hesabu. Nauli ya shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 65 za muhula, ni 6,500, bila kuhesabu siku ambazo matatu hupandisha kwa sababu ya mvua. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi feri; ni kabla na baada ya feri ndiko pesa inakoishia.

"Basari itashuka"

Misaada hii ya karo, ya kaunti na ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge), imewasomesha wengi. Ila hundi huandikwa kwa jina la skuli, haiji mkononi, na mara nyingi hufunika sehemu tu. Hushuka kwa wakati wake, si wakati wako. Fomu hutaka mihuri na nakala: cheti cha kuzaliwa, barua ya skuli yenye karo, sahihi ya chifu, na kwa yatima cheti cha kifo. Nakala hizo piga kabla tangazo halijatoka. Panga karo kana kwamba basari haipo, ikija ibaki salio la muhula unaofuata.

"Mchezo ni akiba"

Mchezo ni zamu. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, wa mwisho ndiye aliyeweka. Mama mwenye watoto wa bweni na asiye na mtoto skuli hawana sababu ya kugombania mwezi mmoja.

"Sare ni ya Januari"

Nani kasema? Novemba fundi ana nafasi na hakupi "njoo kesho" kumi. Pinda upindo mpana kwenye sketi na suruali. Viatu tu ndivyo ningevingoja, maana mguu wa mtoto hukua hata likizo.