Dola ni zamu

Juzi nimemsikia tena mtu, safari hii msomi mwenye umri wake, akimwambia kijana aliyelalamikia bajeti: "Wewe unaipinga dola." Kijana akanywea. Na wala hakuwa amegusa dola. Alikuwa amepinga mgao wa fedha uliopangwa na waziri.

Maana kwa haraka. Dola ni nchi ikiwa mamlaka kamili: watu, mipaka, sheria, mahakama, jeshi, hazina. Serikali ni wale waliokabidhiwa kuiendesha kwa muda. Chama ni njia waliyopitia kufika hapo. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unadai mambo manne ili dola ihesabike kuwa dola: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Serikali imo, lakini ni moja kati ya manne.

Sasa neno lenyewe, na hapa mtanivumilia. Dola ni dawla ya Kiarabu, na mzizi wake ni kupokezana, kitu kutoka mkono huu kwenda ule. Ndiyo maana soko la hisa la Saudi Arabia likajulikana kwa jina la Tadawul: hisa zinapita mikononi mwa watu. Waabbasi, ukoo wa watawala wa Kiislamu, walipowang'oa Waumayya waliotawala kabla yao mwaka 750, utawala wao waliuita dawla, yaani zamu imetufikia. Wakakaa karne na karne, na neno likakaa nao, hadi zamu ikawa ukoo wa watawala, kisha ikawa mamlaka yenyewe. Kwa hiyo anayetamba kwamba chama chake kimeshika dola na hakiiachii, kwa asili ya neno anasema kimeshika zamu isiyoisha. Hiyo nayo ni zamu gani?

Serikali imetoka kwenye Kiajemi: sar ni kichwa, kar ni kazi. Mkuu wa kazi, mnyapara, tuseme. Nalipenda neno hili, maana mnyapara hamiliki shamba.

Ubelgiji walilionyesha hili bila kukusudia. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 vyama vilivutana siku 541 kabla ya serikali mpya kuapishwa Desemba 2011. Mawaziri wa zamani walibaki kushikilia ofisi tu, lakini mahakimu waliendelea kuhukumu na kodi zilikusanywa kama kawaida. Waingereza nao wana msemo "Upinzani wa Mfalme", uliotoka bungeni mwaka 1826 kinywani mwa John Hobhouse, kwa utani. Wabunge walicheka, jina likabaki: unaweza kuwapinga mawaziri wa mfalme ukabaki mtu wa mfalme.

Mimi mwenyewe nina kadi ya chama, na ada nalipa, ikichelewa nakumbushwa. Ada ile ni ya chama. Kodi ni ya dola, na nadaiwa vilevile chama changu kikiwa ndani ya madaraka au nje. Sijawahi kuchanganya risiti hizo mbili, na sioni kwa nini nichanganye utii wenyewe.

Basi, mzee wangu, nadhani ulichotaka kumwambia yule kijana ni "unaipinga serikali". Angekujibu "ndiyo", mkaendelea na bajeti.