Mabaki ya cherehani yasiishie mtaroni

Tangu kampeni ya usafi ianze mitaani mwa Lamu, malalamiko tunayopokea kwa wingi kutoka Langoni si ya chupa wala maganda, ni ya vitambaa. Mvua ikinyesha mtaro unaziba, na anayeuzibua huvuta mkia mrefu wa vipande vya buibui na kanzu. Fundi wa kusema "ni vyangu" hatujampata bado.

Hatuwadhanii mafundi wetu ubaya. Ila kauli moja imetuchosha: "Kitambaa kinaoza." Pamba huoza. Mabuibui mengi ni poliesta, na poliesta ni plastiki. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio, uwashe. Wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka ukaacha kitone kigumu. Uzi mmoja, tumesema. Hiyo si ruhusa ya kutia moto jaa nyuma ya nyumba.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mwenye nyumba na kila mwenye biashara atenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotokea. Kibanda cha cherehani moja nacho ni biashara. Mabaki yatiwe kwenye gunia, pamba mbali, poliesta mbali, wala si katika mfuko wa plastiki wa kubebea. Mfuko huo ulipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Na ndiyo, hata kama "ulikuwamo ndani tangu zamani".

Lakini kabla ya gunia, mabaki yashonwe kititia, jina la kile kile ambacho watoto hukimbiza nacho upepo. Katika mfarishi wa viraka, yaani tandiko la vipande vilivyoungwa, kititia ni miraba minne, kila mmoja nusu rangi nzito nusu nyepesi, ikipangwa izunguke.

Kata miraba ya inchi 5. Lalisha mzito juu ya mwepesi, uso kwa uso, chora mstari wa kona kwa kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, ndipo ukate juu yake. Wengi huanza kwa kukata pembetatu: ukingo wa mshazari huvutika, kititia kikapinda, kisha lawama anabeba cherehani. Kila jozi hutoa miraba miwili. Ipunguze ifike inchi 4 na nusu. Jozi mbili ni kititia kimoja, inchi 8 kikishaungwa kwenye mfarishi. Mfarishi wa mtoto wa inchi 40 kwa 48 unataka vititia 30, yaani miraba 60 mizito na 60 myepesi.

Pamba na poliesta zisikae mfarishi mmoja, maana pasi ya kunyoosha pamba inaweza kuiyeyusha poliesta. Leso kuukuu zinafaa sana. Jina, ule msemo wa leso, likikatika, na likatike. Nimeona kititia kilichobaki na neno "jirani" peke yake, na kilipendeza.

Vipande visivyofika inchi 2 vijaze mto wa kukalia. Kinachobaki hapo ndicho cha gunia.