Sanamu Haikuvunjika, Kiti Kikafeli: Namba za R129 Zinapima Nini

Tangu uuzaji wa viti vipya vya watoto vya gari vyenye idhini ya R44, kanuni ya zamani ya usalama wa viti hivyo, ulipositishwa Umoja wa Ulaya, Septemba 2024, na nafasi yake kuchukuliwa na R129, maswali yamekuwa mengi. La kwanza ni jepesi: kiti cha R44/04 (toleo la 04 la kanuni ya zamani) ulichonacho hakijapigwa marufuku. Kilichositishwa ni kukiuza kikiwa kipya.

La pili limekuwa sugu: "Kama sanamu ya majaribio (mfano wa mtoto unaofungwa kwenye kiti) haikuvunjika, kiti kimefelije?" Sanamu haikuundwa ivunjike, imeundwa ipime. Chini ya R129 hutumika sanamu za Q, kuanzia Q0 ya kilo 3.4 hadi Q10 ya kilo 35.5, zenye vihisi ndani ya kichwa, shingo na kifua. Kiti hugongwa mbele kwa kilomita 50 kwa saa (48 inakubalika), nyuma kwa 30 (hadi 32) ikiwa kiti kinatazama nyuma, kisha ubavuni.

Alama ya kichwa, HPC (kipimo cha hatari ya jeraha la kichwa), hukokotolewa kutokana na mchapuko wa kichwa, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika ghafla, ndani ya kipindi kisichozidi milisekunde 15. Kwa Q0, Q1 na Q1.5 isizidi 600. Kwa Q3, Q6 na Q10 isizidi 800. Mchapuko wenyewe hupandishwa kwa kipeo cha 2.5, hivyo ukiongezeka maradufu kwa muda uleule, alama huongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kiti kinachoonekana "karibu sawa" na kingine hufeli vibaya. Kifua kina mpaka wa mchapuko wa g 55 (mara 55 ya mvutano wa dunia), ukiondoa vilele visivyozidi jumla ya milisekunde 3.

Sasa, 600 si mstari kati ya uzima na kifo, na tungeomba watu waache kuusoma hivyo. Hakuna anayegonga watoto ili kupata namba. Mipaka hutokana na takwimu za watu wazima, zikapunguzwa kulingana na ukubwa wa mwili na uimara wa mifupa, kisha zikalinganishwa na ajali halisi zilizorudiwa maabara. Shingo ndiyo ngumu zaidi: nguvu inayoivuta hurekodiwa, lakini R129 haijaiwekea mpaka wa kufeli. Badala yake kanuni inalazimisha mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15. Kumgeuza mapema kwa sababu "miguu imebanwa" ni kuondoa kinga iliyopewa shingo.

Kwa watengenezaji: sampuli za kiwandani zikishindwa, idhini inaweza kufutwa, na nchi iliyoitoa inapaswa kuzijulisha mara moja nchi nyingine zinazotumia kanuni hiyo, kwa fomu maalumu. Kiti kisicho na lebo yenye herufi E ndani ya duara hakina idhini ya kufutwa.

Kwa wazazi: sanamu hufungwa mikanda ikiwa na kipande chenye unene wa sentimita 2.5 mgongoni, ambacho huondolewa kabla ya mgongano. Ulegevu tunaopima ni huo tu. Koti nene la baridi linaongeza mwingine juu yake. Livue, kaza mikanda, kisha mfunike nalo.