Je, wajua kwa nini betri ya mashine ya masikio huanza kuisha hata kabla hujaitia?

Betri ya mashine ya masikio, ile isiyochajiwa, huja na stika ndogo ya rangi. Ibandue stika, kisha iache betri mezani bila kuitumia. Wiki kadhaa baadaye utaikuta imekufa, ilhali haijaingia sikioni mwa mtu. Iliyoila ni hewa.

Betri ya tochi hubeba ndani yake kila inachohitaji ili kutoa umeme. Hii hubeba nusu tu: unga wa zinki uliolowa maji ya kemikali. Nusu ya pili ni oksijeni, nayo huivuta kutoka nje kupitia vitobo vilivyofunikwa na ile stika. Ndiyo maana kidude kisichofika upana wa milimita 8 huweza kuendesha mashine kwa wiki nzima; karibu nafasi yote ya ndani imeachiwa zinki. Lakini hewa ikishaingia, kazi imeanza, kama jiko la makaa lililokwisha kushika moto: hata usipoinjika chungu, makaa yanaliwa. Kuibandika stika upya hakusaidii kitu cha maana. Basi usibandue ya akiba eti ikae tayari.

Hewa pia haiingii mara moja, na hapa ndipo wengi huifupishia betri maisha bila kujua. Ukiibandua na kuitia papo hapo, mashine huanza kudai umeme kabla zinki haijapata oksijeni ya kutosha. Iache kati ya dakika 2 na 5, upande wenye vitobo ukiwa juu. Katika nyumba moja ya Kibokoni, Mombasa, mjukuu alimzuia bibi yake mkono:

"Bibi, usiitie bado. Iache ipate hewa."

"Hewa? Kwani betri nayo yapumua?"

"Yapumua, bibi."

Mjukuu hakukosea sana.

Sasa, hewa ya Mombasa ina mambo yake. Ni nzito kwa unyevu, na kemikali iliyomo ndani ya betri, hidroksidi ya potasiamu, ni mlafi wa maji. Hewa ikiwa mbichi mno, betri hunywa unyevu kupitia vitobo vilevile, ikajaa na kudhoofika mapema. Hewa kavu kupita kiasi nayo huikausha. Hesabu ya siku iliyoandikwa na kiwanda isikutie presha basi. Ichukue kama makadirio. Jasho ni adui wa pili, hasa kwa anayefunika masikio kwa mtandio kutwa nzima huku jua likiwaka. Vifute vyuma vya ndani kwa kitambaa kikavu, na usiku uache mlango wa betri wazi: umeme unakatika na unyevu unapata pa kutokea. Wanaotoa jasho jingi wawe na kopo lenye dawa ya kukausha unyevu, ila betri itolewe kwanza isije ikakaushwa nayo. Friji sahau kabisa. Ukiitoa betri humo na kuileta kwenye joto letu, matone ya maji yatatanda juu yake.

Kuhusu kuchagua, usihangaike na jina la kampuni. Tazama namba na rangi, ambazo ni zilezile kwa watengenezaji wote. Njano ni 10, kahawia ni 312, rangi ya chungwa ni 13, buluu ni 675. Wanaochanganya huwa wanachanganya 312 na 13, kwa kuwa upana wao ni mmoja ila 13 ni nene zaidi. Mlango ukikataa kufunga usiulazimishe. Huenda betri si yake, au umeipindua. Angalia pia tarehe ya mwisho kwenye pakiti, kwa sababu betri iliyolala dukani huzeeka hata ikiwa na stika.

Usishangae ikizimika ghafla katikati ya hotuba ya Ijumaa. Umeme wake hukaa karibu palepale, kwenye volti 1.2 au 1.3, kisha huporomoka mwishoni. Mashine nyingi hutoa mlio wa onyo, lakini mwenye usikivu hafifu sana anaweza asiutambue, kwa hiyo mfukoni kusikose ya akiba, ikiwa kwenye pakiti yake. Ikichanganyika na sarafu, zaweza kuunganisha pande zake mbili na kuimaliza.

Iliyokwisha nayo isiachwe ovyo. Mtoto huitia mdomoni au puani, na mzee asiyeona vizuri huimeza akidhani ni kidonge. Ikitokea, ni hospitali moja kwa moja, na aliyeimeza asitapishwe.